Pikapu ya gia za mkono kwenye milima ya Bukavu: kupanda, kushuka na kutunza

Karibuni akina mama, akina papa, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi ya ushofeli. Leo tuko na pikapu ya dizeli, gia tano za mkono, usukani kushoto. Mji wetu umekaa kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na ukitoka ziwani karibu kila barabara inapanda. Mtu anayejua kuendesha gari hili kwenye tambarare tu, kwa Bukavu bado hajajua. Kwa hiyo somo letu linaanzia mlimani.

Kuwasha kwanza, haraka haraka. Breki ya mkono imefungwa, klachi mpaka chini, gia huru. Geuza ufunguo nusu, mtaona ka taa kadogo ka njano kenye umbo la springi. Injini ya dizeli inapashwa joto. Subirini kazime, ndipo mpige staata. Asubuhi za mvua msiruke hatua hii.

Sasa tumesimama kwenye mpando wa kwenda Kadutu. Angalieni kioo: nyuma yetu kuna motari amebeba abiria, na pembeni mama ana beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kichwani. Gari hili halina ruhusa ya kurudi nyuma hata shubiri moja. Breki ya mkono imeshika. Nakanyaga klachi, naingiza ya kwanza. Mguu wa kushoto naupandisha polepole, polepole, mpaka injini ibadilishe sauti, izame kidogo, na pua ya gari ijiinue. Mmeisikia? Hapo diski ya klachi imeanza kushika. Mguu unabaki palepale. Mguu wa kulia unaongeza mafuta kidogo, na ndipo naachilia breki ya mkono. Gari limetulia, linaanza kupanda. Sasa klachi naiachia yote na mguu nauweka sakafuni, mbali na pedali.

Kwenye pikapu nyingi za zamani breki ya mkono haiko katikati ya viti. Ni mpini wa kuvuta, chini ya dashibodi. Kuuachilia, uzungushe kidogo kwanza, kisha usukume ndani. Jifunzeni kufanya hivyo macho yakiwa barabarani.

Kuna tabia naiona kila siku kwenye foleni za hapa: shofeli anasimama mlimani bila breki, analishikilia gari kwa klachi na mafuta, linayumba mbele na nyuma. Tafadhali acheni. Diski inasuguana bila kupumzika, inapata moto, mtasikia harufu ya kuungua. Kuibadilisha ni kushusha gia boksi nzima, na siku ambazo gari liko garaji hakuna anayeleta chakula nyumbani. Mkisimama, fungeni breki ya mkono.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa watu wanakufa. Kushuka.

Chukua barabara ya Uvira. Baada ya Nyangezi unakutana na mteremko wa Ngomo unaoteremkia uwanda wa Ruzizi: kona juu ya kona, bonde liko kando yako, na nyuma umebeba saruji au mihogo. Kabla ya mteremko, si katikati yake, teremsha gia. Sheria ya mashofeli wazee ni hii: shuka na gia ileile ambayo ungeipandia. Kama mzigo huu ungepanda Ngomo kwa gia ya pili, basi shuka na ya pili. Toa mguu kwenye mafuta, injini yenyewe inalikamata gari. Breki unazigusa kwa vipindi, kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, achia zipoe. Ukiziegemea njia yote zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama sakafuni bila kitu. Tena, injini ya dizeli hukamata gari kwa nguvu ndogo kuliko ya petroli, kwa hiyo msione aibu kutia gia ya chini zaidi ya mliyozoea.

Wapo wanaotia gia huru mteremkoni ili kuokoa mazutu, yaani mafuta ya dizeli. Hawaokoi kitu. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na pampu inakata mazutu. Ukiwa gia huru, injini inaendelea kunywa ili isizime. Na anayezima injini kabisa anafanya hatari kubwa zaidi: kinachosaidia breki kuwa nyepesi ni pampu inayozungushwa na injini hiyohiyo. Injini ikilala, unakanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Mzigo mzito uwekeni karibu na kabini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiurundika mkiani, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hauitiki kwenye tope. Kama gari lina gia ya kuendesha magurudumu yote manne, itieni kwenye udongo, tope na changarawe tu. Kwenye lami kavu mfumo unajikaza na vyuma vinaumia. Gia nzito ya 4L iingizeni gari likiwa limesimama.

Tufungue kapo, kifuniko cha injini. Mafuta ya injini yapimwe asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa pahali sawa. Kwa vumbi na mzigo wa huku mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, pamoja na chujio lake. Maji ya rejeta: kwa kimo chetu maji ya kawaida yanachemka karibu nyuzi 95, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoweka mgandamizo yasichemke mapema, kwa hiyo kifuniko kilicholegea kinaua injini hapa zaidi kuliko Uvira, iliyo chini zaidi. Tumieni kuulanti, maji maalumu ya kupoza injini, na msifungue kifuniko injini ikiwa moto.

Kikopo hiki kidogo ni cha mafuta ya klachi. Yakipungua, yanavuja mahali, tafuteni. Diski yenyewe ipimeni hivi: kwenye barabara iliyonyooka, upande wa Kavumu kwa mfano, gia ya nne, kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta. Injini ikipiga kelele na gari lisiongeze mwendo, diski imekwisha.

Chini ya gari, kadani, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ina vichuchu vya grisi. Pigeni grisi mara kwa mara, na baada ya kuvuka maji marefu msisubiri. Chujio la hewa tikiseni vumbi litoke kila wiki wakati wa kiangazi.

La mwisho ni chujio la mazutu, kwa sababu wengi tunanunua kwa bidoni, yaani madumu, pembeni ya barabara, na bidoni haikosi maji. Maji ni mazito, yanakaa chini. Injini imezimwa, wekeni kikopo hapa chini, legezeni plagi ya chini ya chujio bila kuitoa. Bonyezeni pampu ya mkono hii ya juu. Angalieni: yanatoka maji, sasa mchanganyiko, sasa mazutu safi. Kazeni plagi kwa vidole, msitumie nguvu ya ufunguo. Endeleeni kubonyeza pampu mpaka iwe ngumu chini ya kiganja, maana hewa imetoka. Washeni, iacheni injini ingurume dakika chache, kisha mrudi na tochi muangalie kama plagi inadondosha.