Mrija wa Maji Matupu

Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na ninyi mnaocheka huko nyuma nawaona. Nitasema tena. Kumleta mwanafunzi wa sekondari maabara wiki sita, aoshe chupa na kubandika lebo, si kumlea kitafiti. Hapo umejipatia kibarua wa bure.

Nililetewa binti wa miaka 16. Alikuwa akifanya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana: mirija ya sampuli, na mmoja wa maji matupu, usiotiwa DNA hata chembe. Tukapitisha vyote kwenye jeli, inayotenga DNA kwa ukubwa, tukawasha taa ya urujuanimno. Lahaula! Maji nayo yanang'aa, mstari uleule, kimo kilekile. Akaniambia polepole, "Mwalimu, huu wa maji tukiukata kwenye picha, ripoti itapendeza."

Nikamwuliza: kama maji yana DNA, utajuaje kuwa kilichong'aa kwenye sampuli zako hakikutoka hukohuko? Akanyamaza. Nami nikanyamaza, na hapo ndipo pagumu, maana jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Akaanza kubadilisha kimoja kimoja. Maji mapya: bado. Praima mpya, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili: bado. Kimeng'enya: bado. Siku ya nne nikamwona anavyoshika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kupimia matone. Anaachia kitufe kwa pupa, matone yanarukia ndani ya shina lake! Tukaifungua, tukaisafisha, akachukua ncha zenye kichujio cha kuzuia matone. Safari hiyo upande wa maji ukawa giza tupu. Sijaona mtu akishangilia kukosa kitu namna ile.

Mtasema muda hakuna, mfadhili anasubiri matokeo. Basi usichukue mwanafunzi, nani kakulazimisha? Na wewe unayesema watoto hawako tayari kwa utafiti halisi, mimi nimewakuta wenye shahada tatu wakikata picha za jeli, tena bila kuomba ruhusa kwa mwalimu.

Ridhaa ya wazazi, iandikwe. Usalama: waanze na bakteria wasiodhuru, damu ya wagonjwa wasiiguse. Daftari lijazwe kwa wino, kosa lipigwe mstari mmoja lisomeke... naona mwenyekiti ananionyesha saa. Ya takwimu nayaruka.

Mashindano ya sayansi, dakika moja tu. Jaji anasimama mbele ya bango zuri kabisa, anauliza, "Kwa nini mlichagua nyuzi joto 58 hapa?" Na mtoto anageuka kumtazama mlezi wake.