Mgeni wa Miaka Sita: Familia Zetu na Parokia ya Mbali

(Mhadhara kwa familia zinazosali Misa ya Kiswahili, Kampala)

Tumsifu Yesu Kristo. Padri, mzee mwenyekiti, akina baba, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, viti vipo huku mbele, njooni mkae.

Mmeniomba niseme juu ya parokia ya mbali, yaani hii ya mjini tunayoifuata kwa ajili ya Misa ya Kiswahili, na parokia ya karibu, ile ya huko tunakoishi. Walionisikia wakati wa Kwaresima watasema mama huyu amekuja na maneno yaleyale. Ndiyo, ni yaleyale, na nitayarudia mpaka nione majina ya watoto wetu kwenye daftari la mafundisho ya Jumamosi huko tunakoishi.

Nianze na nauli, kwa sababu tunaionea haya. Tuchukue familia ya watu sita inayokaa Bweyogerere. Tuseme taksi ni shilingi 2,000 kwa kila kichwa kuja mjini, na 2,000 kurudi. Hiyo ni 24,000 kwa Jumapili moja. Zidisha kwa Jumapili 52, unapata 1,248,000 kwa mwaka, na hapo hujampa kondakta wa gari la pili, hujalipa boda siku ya mvua, hujanunua soda kwa mtoto aliyelia njiani. Najua wengi wenu mnawapakata wadogo ili mlipie watu wanne tu. Hata hivyo hesabu inauma. Na najua nyumba ambazo baba anakuja na mtoto mmoja Jumapili hii, mama na mwingine Jumapili ijayo, kwa sababu pesa haiwatoshi wote. Familia imeacha kusali pamoja ili iendelee kusali mbali. Hilo nawaomba mlitafakari mkifika nyumbani.

Sasa sheria, maana kila ninapozungumza kuna anayeinua mkono kuniambia Misa ni Misa popote. Ni kweli, ndugu yangu. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema wazi: anayehudhuria Misa popote inapoadhimishwa kwa riti ya Kikatoliki, siku yenyewe au jioni ya siku iliyotangulia, ametimiza amri. Hakuna wa kukuambia umetenda dhambi kwa kusali Rubaga wakati unalala Kireka. Sijawahi kusema hivyo, msiniwekee maneno mdomoni. Lakini kanuni hizohizo, namba 518, zinasema parokia kwa kawaida ni ya eneo na inawakusanya waamini wote wa eneo hilo. Namba 107 inasema kila mtu anampata paroko wake kwa makazi yake. Maana yake, hata kama hujakanyaga kanisa lililo karibu na nyumba yako, una paroko pale. Ana wajibu juu yako mbele ya Mungu. Mama yako akizidiwa saa nane ya usiku, huyo ndiye wa kuitwa aje na mafuta ya wagonjwa. Je, akiitwa ataujua mlango wenu? Kuna mtu mmoja pale jirani anayeweza kupanda boda pamoja naye akamwonyesha njia?

Niwaambie habari ya mama mmoja. Wengine mmeshaisikia, vumilieni, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu ninachotaka kusema.

Mama huyu anakaa upande wa barabara ya Jinja. Alikuja Kampala kutoka Bunia, kule Kongo, na watoto wake, hajui Kiluganda, akaelekezwa kwenye Misa ya Kiswahili mjini. Akaipenda. Na nani asingeipenda? Anafika, anasikia wimbo aliofundishwa na bibi yake, anaelewa mahubiri tangu mwanzo hadi mwisho, anamkuta mtu wa kwao. Kwa miaka sita hakukosa. Alikuwa anaondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Alichangia kwaya, alichangia kitambaa cha altare, Noeli alileta unga. Mtu mwema kabisa, na imani yake inanishinda mimi.

Binti yake akafikia umri wa Komunyo ya kwanza. Mama akashona gauni jeupe mapema, fundi akaweka lesi kwenye mikono na kwenye shingo. Akaja kwenye parokia ya mjini kuandikisha. Katekista akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina, akarudia tena tangu juu. Jina halipo. Akauliza kwa upole: mtoto alihudhuria mafundisho ya Jumamosi? Hakuhudhuria, kwa sababu nauli ya Jumapili ilikuwa inakopwa, ya Jumamosi ingetoka wapi? Basi, akaambiwa, aandikishwe kwenye parokia ya makazi yenu. Wakaenda huko. Huko nako wakaulizwa: ninyi ni wa jumuiya gani, yaani kikundi gani cha majirani wanaosali pamoja? Mwenyekiti wenu ni nani? Mlete barua yake. Mama akataja jina la mtaa. Mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa huo akaitwa, na kumbe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa anamwona mama huyu kila Jumapili alfajiri akipita na watoto waliovaa vizuri, akadhani ni Walokole wanaokwenda kwenye ibada yao.

Nyumba ya tatu, ndugu zangu! Miaka sita!

Mtoto akangoja mwaka mwingine. Gauni likawa fupi, fundi akaongeza kitambaa chini, na mshono wake unaonekana. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Katekista wa mjini alifuata utaratibu, yule wa parokia ya karibu pia alifuata utaratibu, na mama alimpenda Mungu kwa nguvu zake zote. Lakini mtoto alibaki katikati, hana wa kusema "huyu ni wetu".

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo ilivyo parokiani. Hakuna atakayekufukuza ukija na kuondoka miaka yote, utapewa kiti na utapewa nyimbo. Ila jembe litakuwa mikononi mwa wengine: wanaofagia kanisa Ijumaa, wanaomtembelea mgonjwa, wanaokaa na watoto Jumamosi. Na tukishika jembe ndipo tunapojulikana. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe kipaumbele, hawakuwa wanatafuta mkutano mwingine wa kutuchosha. Parokia ya Kampala inaweza kuwa na maelfu ya watu. Paroko hawezi kuwajua wote kwa sura. Jumuiya, akabondo kama majirani zetu Waganda wanavyoiita, ndiyo macho yake.

Najua kuna mtu hapa ana jibu lake tayari. Nimeambiwa mara nyingi: mama, hata Mashahidi wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani yao, walitembea mbali kwenda misioni. Nafurahi sana mtu akinijibu hivyo, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Mathias Kalemba, mmoja wa mashahidi hao, alibatizwa Mei 1882. Alikuwa na kazi ya utawala kule Mityana, na kutoka Mityana hadi Kampala ni kilomita zinazokaribia 70. Yeye na Luka Banabakintu walizitembea kwa miguu wakija kufundishwa na kusali. Hadi hapo unaweza kusema uko upande wao. Lakini walipokuwa wanarudi, walifanya nini? Waliwakusanya majirani wakawafundisha waliyoyasikia. Mityana ikawa na jumuiya ya Wakristo, na wao wawili wakiwa safarini, Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, ndiye aliyeiangalia. Kumbukeni pia kwamba mapadri waliondoka Buganda Novemba 1882, wakarudi Julai 1885. Karibu miaka mitatu hakuna padri, hakuna Misa. Kama imani ya watu wale ingekuwa inakaa misioni tu, mapadri wangerudi wakute majivu. Walikuta Wakristo wameongezeka, kwa sababu moto ulikuwa unawaka majumbani, kwa akina Yosefu Mukasa Balikuddembe kule ikulu, kwa Andrea Kaggwa, kwa Mathias. Na Noe hakupelekwa Namugongo, walikochomwa moto wengi wao. Aliuawa hukohuko Mityana, tarehe 31 Mei 1886, kati ya watu aliowatumikia.

Kwa hiyo ukitaka kunitajia mashahidi, nami nitakujibu hivi: nenda mbali kama Mathias, lakini rudi kama Mathias. Wewe ukishuka kwenye taksi Jumapili saa nane mchana, jirani yako anapata nini kutokana na safari yako? Na usiniambie habari za mahujaji wa tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi, wanaotoka Kenya, Tanzania na Kongo kwa miguu. Hija ni hija. Mtu anakwenda Namugongo, anasali, anarudi parokiani kwake kuendelea na kazi.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawapendi nikilisema kwa sababu linaonekana kama nalegeza. Sababu ya lugha ni sababu ya kweli. Kanuni hiyohiyo ya 518 inaruhusu askofu kuunda parokia kwa ajili ya watu wa lugha fulani, kwa hiyo Kanisa lenyewe linajua kwamba mtu anahitaji kumsikia Mungu kwa maneno anayoyaelewa. Nyanya wa miaka sabini anayejua Kiswahili na Kilendu tu, mnamtaka aungame kwa Kiluganda? Dhambi zake atazisema kwa ishara? Huyo mleteni mjini, mkodishieni hata boda ya kwenda na kurudi, na msimhesabie nauli. Vilevile familia za askari ambazo maisha yao yote ni Kiswahili, leo wako kambi hii, mwakani kambi nyingine.

Ila watoto wenu wanasoma hapa. Wanacheza kwa Kiluganda, wanatukana kwa Kiluganda, mnawasikia wenyewe. Ukisema mtoto wako haelewi Misa ya pale karibu, mwulize yeye kwanza. Mara nyingi asiyeelewa ni wewe mzazi. Basi gawanyeni: mizizi ya nyumba iwe karibu, na wazee waje huku kuungama na kwa sikukuu, nanyi mje nao mara moja kwa mwezi. Na mkijiandikisha kule karibu, familia kumi au kumi na tano za Kiswahili, mnaweza kwenda kwa paroko pamoja mkamwomba Misa moja ya Kiswahili kwa mwezi, au somo moja, au wimbo mmoja wa komunyo. Paroko anapanga kwa watu anaowaona. Akitazama Jumapili asimwone hata Mswahili mmoja kwa sababu wote mko kwenye taksi, atapangaje?

Sababu nyingine hazininyimi usingizi. Kwaya ya mjini inaimba vizuri: wewe una sauti, ipeleke kwaya ya karibu na kwako inayoimba vibaya. Padri wa mjini anahubiri vizuri: askofu akimhamisha Agosti utamfuata? Misa ya mjini ni fupi: ongeza saa mbili za foleni barabarani halafu uniambie ipi ni fupi. Na yule anayesafiri kwa sababu kanisani pale karibu wanamjua na anakwepa michango, huyo sina la kumwambia mbele ya watu, aje tuzungumze pembeni.

Lakini kuna mmoja sitaki mumhukumu: aliyeumizwa. Kuna watu waliodharauliwa kwenye kanisa la karibu kwa kuwa wakimbizi, wakaambiwa maneno, wakahamishwa viti. Mtu wa namna hiyo akivuka mji mzima kutafuta mahali pa kuheshimiwa, mimi sitamrudisha kwa kanuni yoyote. Nitamwomba kitu kimoja tu: ahame kabisa. Aandikishwe huku, zaka yake iwe huku, watoto wake waje Jumamosi, aingie jumuiya ya huku hata kama itambidi mkutano mmoja aukose. Ukiamua mbali, iwe mbali kwa mwili na roho. Kinachotuua ni kukaa huku Jumapili na kutokuwa popote siku sita.

Padri ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya ndoa, nitaigusa tu: kanuni ya 1115 inaangalia makazi ya wachumba, kwa hiyo vijana, msije kwa katekista wiki mbili kabla ya harusi mkitaka matangazo yasomwe mahali ambapo hakuna anayewajua. Ubatizo wa wachanga nao ni hivyo, kawaida ni parokia ya wazazi. Habari za mazishi tutazizungumza siku nyingine, zinahitaji muda wake.

Pale mezani kuna karatasi. Andika mtaa unaokaa, si jina la kabila wala nchi uliyotoka, mtaa tu. Wanaokaa mtaa mmoja wajuane leo kabla hawajapanda taksi, wabadilishane namba za simu. Katekista atawapa majina ya wenyeviti wa jumuiya za huko kwenu. Jumamosi ijayo mafundisho ya watoto yapo karibu kila parokia ya jiji hili, peleka mtoto wako akiwa na kadi yake ya ubatizo. Kama kadi ilibaki Kongo au ilipotea njiani, usimfiche mtoto nyumbani kwa sababu hiyo, mwambie katekista, atakuelekeza namna ya kutafuta mashahidi wa ubatizo.

Maswali sasa. Tuanze na akina mama.