Jenuini, OEM ama eksi-Japani? Elewa lugha ya muuza spea

Umeingia duka la spea hapa Malindi kutafuta shokabzoba za mbele za Toyota Probox. Muuzaji anauliza: "Nikupe jenuini, OEM ama eksi-Japani?" Usijibu bado. Fungua picha ya logibuku kwenye simu, umsomee nambari ya chesisi. Zile herufi na tarakimu kabla ya kistari, mfano NCP51, ndizo zinazomwonyesha modeli yako. Kumwambia "Probox nyeupe" hakumsaidii.

Haya, tuje kwa majina. Jenuini huja ndani ya boksi la kampuni ya gari lenyewe. OEM imetoka kwa kiwanda kinachoiuzia kampuni hiyo, ila boksi lina jina la kiwanda: KYB kwa shokabzoba, Denso kwa plagi. Tatizo ni kwamba wauzaji wengine huita OEM chochote kipya. Muulize, "Kiwanda gani?" Akibabaika, huenda hiyo ni aftamaketi, yaani ya kampuni isiyoiuzia kampuni ya gari. Si lazima iwe mbovu. Boljointi (viungo vya kwenye magurudumu ya mbele) za chapa ya 555 ni aftamaketi na mafundi wanaziamini.

Eksi-Japani ni mtumba uliofunguliwa kwenye gari lililotembea Japani. Giaboksi au taa, chukua. Padi za breki, kataa kabisa. Shokabzoba ikague hivi: isimamishe, fimbo ikiwa imepanda yote, kisha pitisha kucha kutoka juu hadi chini. Kucha ikikwaruza kwenye vidoti vya kutu, mrudishie. Vidoti hivyo hukata sili, ule mpira unaozuia mafuta, yakavuja, na hewa ya chumvi ya huku pwani itaongeza kutu.

Sasa geuza boksi usome lebo. Nambari ya spea ya Toyota huwa na tarakimu 5, kistari, kisha 5 nyingine, wakati mwingine zikichanganyika na herufi. Ikianza 48510 ni shokabzoba ya mbele kulia. 48520, ya mbele kushoto. RH ni kulia na LH kushoto kwa aliyekaa kwenye usukani, si kwa makanika aliyesimama mbele ya boneti. RR nayo, wengi huidhania kulia. Kumbe ni nyuma.

Kabla ya kulipa, uliza bei ni ya moja au ya pea. Padi za mbele huja 4 kwa magurudumu 2, lakini shokabzoba mara nyingi hutajiwa bei ya moja, nawe unahitaji mbili. Akikuuzia kama jenuini, mwambie aandike nambari ya spea na neno "jenuini" kwenye risiti. Akikataa kuandika, anza kupatana kwa bei ya aftamaketi.