Fundi Kwanza, Violini Baadaye

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya walimu wa kwaya, viongozi wa vikundi vya tarumbeta na wazazi

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za asubuhi. Mwenyekiti amenipa mada: historia ya orkestra za vijana, na yapi tujifunze kabla hatujaanzisha ya kwetu huku kaskazini. Wanaonifahamu wanajua nitaishia wapi: kwa fundi wa ala. Mwalimu wa kwaya pale nyuma ameshaanza kucheka. Cheka tu, mwalimu, leo utanisikia tena.

Venezuela naipitia haraka, maana kila andiko la kuomba fedha huanzia huko. Mwaka 1975 José Antonio Abreu, mchumi na mwanamuziki, aliwakusanya vijana 11 kwenye gereji mjini Caracas. Leo mpango huo, unaoitwa El Sistema, unahesabu watoto kwa malaki, na Gustavo Dudamel aliyekulia humo alikwenda kuongoza orkestra ya Los Angeles mwaka 2009. Mnaijua hadithi hiyo. Kinachorukwa kila mara ni kwamba wale watu walifungua pia karakana, wakafundisha vijana kutengeneza ala. Sisi tunaiga gereji, tunaiga watoto, karakana tunaiacha hukohuko.

Mimi napenda zaidi Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu, nabii aliyeanzisha kanisa la Wakimbangu, alianzisha orkestra ndani ya kanisa lao. Violini zilikuwa chache kuliko wapigaji, wakawa wanapokezana. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Kontrabesi ilipokosekana, mmoja wao aliketi akaunda. Hakuna aliyesubiri kontena. Kwangu mimi orkestra ile ilizaliwa siku mtu alipothubutu kuigusa mbao.

Sasa niwasimulie ya hapa jirani. Shule siitaji, na mkinifuata chai sitaitaja. Walipata violini kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, nzuri tu, zikapokelewa kwa risala na keki. Baada ya sherehe zikawekwa stoo. Stoo ya bati. Mnalijua jua la Moshi mwezi wa pili.

Violini huunganishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama. Gundi hiyo hulegea kwa joto na unyevu, na imechaguliwa makusudi: mbao ikivutana, ni heri kiungo kiachie kuliko mbao ipasuke, na fundi aweze kuifungua violini bila kuiua. Basi moja ikaachia begani. Upenyo wa kuingiza ukucha, basi. Kwa fundi anayeijua, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Wakaipeleka kwa seremala wa makabati. Akamwaga gundi ya mbao, ile nyeupe, halafu kwa moyo wake mwema akaongeza na vimisumari viwili. Ikawa imara kweli! Kiangazi kilichofuata mbao ikataka kusinyaa, kiungo kikagoma kuachia, na uso wa violini ukapasuka kwa urefu, kutoka juu hadi karibu na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi.

Ya pili ilikuwa inagongagonga ndani ukiitikisa. Mle ndani kuna kijiti cha mviringo, kinene kama penseli, kinachosimama chini ya mguu mmoja wa daraja. Hakigundishwi, kimebanwa tu. Nyuzi zikilegea zote kwa pamoja, kinaanguka. Mtunza stoo akakivua kwa waya kupitia tundu la usoni mwa violini, akaja kwa mwalimu uso unang'aa: "Nimekitoa, mwalimu. Kilikuwa kinapiga kelele." Wakaenda kufunga nyuzi mpya, wakakaza, na uso wa violini ukaanza kuzama taratibu.

Msicheke sana. Mtunza stoo hana kosa, wala seremala. Wamepewa wagonjwa bila hata siku moja ya mafunzo. Aliyekosea ni aliyeandika bajeti yenye ala, usafiri, fulana na chakula cha wageni, kisha asiweke hata shilingi ya fundi.

Najua kuna mzee anasema moyoni: haya ni mambo ya Wazungu, ndiyo maana hayakai. Mzee wangu, Ikhwani Safaa, kile kikundi cha taarabu, ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905. Ina zaidi ya miaka mia, ina violini, tena ina ala za nyuzi za udi na kanuni, na hakuna anayesema taarabu haijakaa. Na huku kwetu mlimani? Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika mwaka 1893, nao kwao tarumbeta za kanisa ni jambo la kila kijiji. Tazameni sharika zetu leo. Kijana wa Machame au Marangu anapokea baritoni kwa kaka yake, naye alipokea kwa mjomba. Huo ni mfumo wa orkestra ya vijana, umekosa jina tu. Tunakwenda Caracas kutafuta kitu kilichoning'inia ukutani sakristia!

Mwingine atasema tarumbeta siku hizi ni za harusini. Naam, na ziwe. Umewahi kumtazama yule kijana wa tromboni juu ya pikapu, gari linashuka barabara ya vumbi, bibi harusi nyuma, naye anashika sauti ya pili kwa sikio bila karatasi? Nipeni vijana kumi wa namna hiyo, nami nawaachia wote wenye vyeti. Tena hao wanalipwa, kwa hiyo wanazitunza ala zao. Pistoni ikikwama wanajua pa kwenda: kwa fundi rejeta. Yeye huchomea shaba kila siku kwa risasi na mkono wake ni mwepesi. Kuna mmoja gereji za Majengo ninayempelekea vikundi, anaziba tuba vizuri kuliko duka lolote. Nimemkataza jambo moja tu: asipake grisi kwenye pistoni. Pistoni inataka mafuta mepesi sana. Grisi inakusanya vumbi, na vumbi la huku ni msasa.

Sasa mpingo, na hapa huwa napandisha sauti, mnisamehe. Klarineti na obo nzuri duniani zinatengenezwa kwa mpingo. Mpingo! Mti wetu, mzito hadi unazama majini, unaochukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Hayati Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa hapahapa Kilimanjaro, alishiriki kuanzisha mradi wa kuuhifadhi mwaka 1996, akapanda miche na watoto wa shule. Magogo hukatwa vipande vya mraba, ncha zinapakwa nta zisipasuke, vinasafirishwa. Kisha tunaandika barua ya kuomba klarineti. Na pale Arusha wapo vijana wanaochonga mpingo tangu asubuhi hadi jioni, twiga na wazee wa Kimakonde kwa ajili ya watalii. Mkono unaochonga kope za kinyago unashindwaje kuchonga kigingi cha violini?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mifano mingine miwili ya muziki wa vijana: Buskaid ya Soweto, Afrika Kusini, 1997, na Ghetto Classics ya Korogocho, Nairobi, 2008. Nairobi ni basi la siku moja, nendeni mkaone wenyewe. Nilikuwa pia na suala la nota: wapiga tarumbeta waliofundishwa kwa mtindo wa Kijerumani husoma kama sauti ilivyo, waliopitia bendi za polisi husoma kwa namna nyingine, na mkiwapa karatasi moja mtasikia wamepishana toni nzima. Kila upande utasema mwenzake hajui. Solfa, ile ya do-re-mi, tuiachie siku nyingine, ugomvi wake hauishi kabla ya chakula cha mchana.

Nimeona rasimu ya bajeti ya kamati. Mstari wa kwanza ni violini. Naomba ushuke uwe wa tatu. Wa kwanza wawe vijana wawili, mmoja kutoka kwa wachonga vinyago na mwingine kutoka gereji, wapelekwe kujifunza ukarabati, na warudi kabla ala hazijafika. Wa pili uwe chumba chenye dari. Dari, si bati tupu. Mweka hazina yupo hapa, ana kalamu, na maswali yaanze na yeye.