Mada ya Video ya Gemu: Anzia Pale Ulipokwama

Assalaam alaykum jamaa zangu. Nipo chumbani kwangu Michenzani, feni nimeizima ili mvumo wake usiingie kwenye sauti, kwa hiyo mkiniona natoka jasho mniwie radhi. Leo hatuandiki gemu. Nazungumza na yule anayeijua kidogo Godot, programu ya kutengenezea gemu, anayetengeneza vigemu vyake akitoka kazini au skuli, na sasa anataka kurekodi video za kuwafundisha wenzake. Kompyuta anayo, maiki anayo, ila kila akikaa anajiuliza: nifundishe nini?

Chukua daftari. La karatasi, maana ukishika simu utaishia WhatsApp.

Hatua ya kwanza, andika mambo yaliyokukwamisha mwezi huu. Sikusudii unayoyajua, nakusudia yaliyokukwamisha. Daftari langu hili hapa, nalisogeza karibu na kamera: "Mtu anapenya ukuta." "Sauti ya sarafu inalia mara mbili." "Kete inapotelea ukingoni." "Maandishi hayasomeki kwenye simu." Kila mstari hapo ulinila saa moja au mbili, na kila mstari ni video. Ukikwamuka jana, leo bado unakumbuka ulikuwa huelewi kitu gani. Fundi wa miaka kumi ameshasahau, anaruka hatua bila kujijua, na mwanafunzi anabaki njia panda.

Hatua ya pili ni kupunguza, na hapa tutakaa kidogo. Nilipoanza mimi, video yangu ya kwanza niliipa jina "Tutengeneze gemu la bao, mwanzo hadi mwisho". Bao letu hili la barazani: mashimo 32, kete 64, kuna kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, kuna mtaji, yaani kucheza kwa kula, kuna kutakata, yaani kucheza bila kula, kuna nyumba, lile shimo maalumu. Sehemu ya kwanza ilikwenda dakika 50. Ya pili nikajichanganya mwenyewe. Ya tatu sijaimaliza mpaka leo. Sahibu yangu mmoja wa Wete akanipigia simu, akaniambia, "Bwana wee, mimi nilitaka kujua kete inazungukaje tu, wewe umenikalisha dakika ishirini unapaka rangi ubao."

Kete inazungukaje. Basi hiyo ndiyo mada, nzima, haihitaji kingine. Tazameni hapa kwenye skrini. Kila mchezaji ana mashimo yake 16, safu mbili za manane manane, na anapoangusha kete huzunguka humo humo upande wake. Mimi nayaweka katika orodha moja na kuyahesabu kuanzia 0 hadi 15. Nikitoka shimo la 3 na kete nne, naangusha moja moja: la 4, la 5, la 6, la 7. Hapo kila mtu anapatia. Sasa nitoke shimo la 13 na kete nne hizo hizo: la 14, la 15, halafu? Kompyuta inakwenda kulitafuta shimo la 16, na shimo hilo halipo. Gemu linasimama, maandishi mekundu yanatokea huku chini. Dawa yake mstari mmoja:

shimo = (shimo + 1) % 16

Ongeza moja, gawa kwa 16, chukua baki. Ukifika 16, baki ni 0, kete inarudi mwanzo wa mzunguko. Kete ya nne inaangukia shimo la 1. Imekwisha hiyo, dakika saba. Na mstari huo huo unamfaa anayetengeneza gemu la daladala linalozunguka vituo vyake, au menyu inayorudi juu ukifika chini. Video ndogo ikapata watu wengi kuliko ile kubwa.

Kipimo changu ni hiki: andika jina la video kama swali. Ukikuta "na" katikati, kata hapo, zimeshakuwa video mbili. "Ngalawa inasukumwaje na upepo?" Hiyo "na" ya upepo isikubabaishe, iache, haiunganishi mambo mawili. Lakini "Ngalawa inasukumwaje na upepo na inazamaje ikijaa maji?" Kata! Kuzama kuna siku yake.

Hatua ya tatu, mpelekee mtu. Asiwe gwiji, awe mwanafunzi mwenzio. Mkae pale Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe, na kikombe cha kahawa, umwambie swali lako kwa sentensi moja. Akikujibu "kwani tatizo liko wapi?", rudi daftarini. Akisema "ee, hilo limenishinda", mlipie kahawa ukarekodi. Wapo watakaokwambia usifundishe kilichokwisha kufundishwa. Mimi sikubaliani nao. Kimefundishwa kwa Kiingereza mara elfu, sawa, lakini asiyefuata Kiingereza cha mbio mbio bado hajafundishwa.

Hatua ya nne, angalia mada yako itadumu muda gani. Hili liliniuma. Nilikuwa na video tatu za kumtembeza mtu kwenye Godot 3. Machi 2023 ikatoka Godot 4.0: KinematicBody2D, kile kiungo cha kumtembezea mtu, ikabadilishwa jina kuwa CharacterBody2D, na move_and_slide, ile amri ya kumsogeza, ikaacha kupokea kasi ndani ya mabano, sasa kasi unaiweka kwanza kwenye velocity. Video zangu zikaoza kama dagaa walioanikwa wakanyeshewa mvua. Siku hizi naandika namba ya toleo kwenye jina la video, na nikiwa na mada mbili naanza na ile isiyojali toleo. Baki ya kugawa kwa 16 haitabadilika. Kitufe kiko wapi kwenye menyu, hiyo hubadilika kila mara.

La vifaa nalipita haraka: usichague mada inayomlazimisha mtazamaji kupakua vitu vizito, bando ananunua kwa pesa yake. Kuna picha za gemu za bure za mtengenezaji aitwaye Kenney, zina leseni ya CC0, yaani unazitumia bila kulipa wala kuomba ruhusa, zinatosha kabisa kufundishia.

Haya, daftarini kwangu umebaki mstari mmoja. Wakati wa kunamua, mchezaji akiwa amekula na kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake yenye kete sita au zaidi, ana hiari: alale, yaani asimame hapo, au asafiri, yaani azichukue kete za nyumba aendelee kuangusha. Gemu langu halimuulizi, linasafiri lenyewe tu. Gemu linasimamaje kumngoja mtu ajibu? Nimekwama hapo tangu Ijumaa. Nikikwamuka tu narekodi, kabla sijasahau.

Nawasha feni yangu sasa.