Kaskazi nzima ndani ya boti ya mzee

ZUHURA: Asalaam aleikum, karibuni tena barazani. Mwenzangu Kombo alitoweka hapa toka Novemba hadi mwanzo wa Aprili, na nyinyi mkaniandama kwa ujumbe: mwenzio kaenda wapi? Leo karudi, kaungua jua, mikono inanuka dizeli. Haya kaka, jitetee.

KOMBO: Waaleikum salaam. Sina utetezi, dada. Kuna boti ya starehe ya zamani inalala hori ya Kilifi, ule mkono wa bahari. Mwenyewe ni mzee wa rika la babu yangu, akawa anatafuta mtu wa injini. Nikamwambia nitakaa wiki mbili.

ZUHURA: Wiki mbili za miezi mitano. Na watu hapa wanadhani ulikuwa umelala kwenye godoro unakunywa madafu.

KOMBO: Godoro lilikuwepo, ila lilikuwa limelowa. Msikilizaji aelewe, hiyo ni boti ya mbao, futi 50 kasoro, iliyoundwa Uingereza mwaka 1958. Mbao za msaji, ripiti za shaba. Injini ni Gardner ya silinda 6, chuma cha Manchester. Inazunguka taratibu, ukikaa nayo chumbani utaihesabu mipigo yake. Mwendo ni maili 7 za bahari kwa saa. Ukiilazimisha, 8, na mzee anakutazama vibaya.

ZUHURA: Bodaboda inakupita na mkungu wa ndizi.

KOMBO: Inanipita, naam. Mimi nilikuwa najua mwenye injini huenda atakako, wa kungoja upepo ni jahazi. Mzee akanichorea juu ya meza: mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini, na wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, hufika maili 4 kwa saa. Toa 4 kwenye 7. Na upepo wenyewe uko usoni. Kwa hiyo kushuka Pemba na kusi? Hathubutu. Tukasafiri kama walivyosafiri babu zetu: matlai, upepo wa mashariki, kupanda; kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kushuka.

ZUHURA: Mkaanza na safari ya kupanda Lamu.

KOMBO: Novemba, bahari imelala kama mkeka. Mpaka Ghuba ya Ungwana. Pale maji ni haba, Mto Tana unamwaga tope lake Kipini, na wimbi likiingia kwenye kina kifupi linasimama wima. Boti ikaanza kwenda mrama. Saa tisa alasiri injini ikakohoa, ikanyamaza.

ZUHURA: Yarabi.

KOMBO: Tukatia nanga palepale. Mimi nikaanza kumlaani aliyetuuzia mafuta, ukoo mzima. Mzee hasemi kitu. Akanipa chupa tupu ya soda: "Toa mafuta kwenye filta, jaza humu, uiache." Nikaikaza kwenye kona kwa matambara. Baada ya nusu saa naitazama: juu dizeli, rangi ya chai ya mkandaa. Chini kabisa maji, kama kidole kimoja. Na katikati utando mweusi, unateleza ukiinamisha chupa.

ZUHURA: Mafuta machafu, basi. Ulikuwa na haki.

KOMBO: Nilikuwa sina. Ule uchafu ulikuwa chini ya tangi letu wenyewe miaka na miaka, umetulia kama machicha. Boti ikilala horini, hauna habari. Ule mrama ndio ulioukoroga. Basi filta mpya, halafu kazi ya kutoa hewa: unalegeza nati, unapampu kwa mkono, linatoka povu, unapampu, povu, mpaka ije dizeli tupu. Boti inayumba, joto la chumba cha injini wacha tu. Nilitapika mara mbili kwenye ndoo ileile ya matambara.

ZUHURA: Hiyo sehemu ungeturukia.

KOMBO: Umetaka nijitetee! Injini iliwaka magharibi inaingia. Kutoka hapo kila lita iliyoingia kwenye tangi ilipita kwanza kwenye kitambaa, na sampuli ikalala chupani usiku kucha.

ZUHURA: Lamu je? Nilisikia mlipandisha chombo mchangani.

KOMBO: Ilikuwa inavuja. Boti ya mbao ukiiacha juani, mbao za juu zinakauka, nafasi zinafunguka. Maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo, tulikuwa tunayapampu kila saa. Tukapata fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi. Tukaingia na maji ya bamvua, yanapojaa sana, tukaiegemeza kwa magogo, maji yakapwa, ubavu wote nje. Una saa tano hivi, bahari inarudi kudai chake.

ZUHURA: Na fundi wa majahazi akaionaje boti ya Kizungu?

KOMBO: Akaizunguka kimya. Huku kwetu kwa kawaida zinatangulia mbao, mataruma, zile mbavu za chombo, yanafuata ndani. Hiyo mataruma yametangulia. Akapitisha kidole kwenye ripiti moja baada ya moja, akasema, "Aliyeunda hiki hakuwa na papara." Halafu akaanza kukalafati, kuziba nafasi za mbao. Nyuzi za pamba zenye mafuta, patasi butu, nyundo ya mbao. Mwanzo mlio ni mzito, du, du. Pamba ikishajaa, mlio unakuwa mkali. Hatazami, anasikiliza. Mimi nilijaribu hatua mbili, akazitoa zote.

ZUHURA: Haki yako.

KOMBO: Lakini tukatoka kupampu kila saa tukaja kupampu mara mbili kwa siku. Januari kaskazi ikakaza, tukashuka: Shimoni tukagonga pasi, tukavuka Mkondo wa Pemba upepo uko mgongoni. Tukalala kisiwa cha Misali. Mnakijua kisa chake? Nabii Hidhr alifika akaomba msala wa kuswalia, hakukuwa na msala, akasema kisiwa chenyewe kinatosha, kimeelekea Makka. Usiku kasa anapanda kutaga, unamsikia anavyopumua, kama mtu mzima aliyechoka.

ZUHURA: Na wajomba zako wa Mkoani, Pemba?

KOMBO: Walinicheka! "Injini yote hiyo, na bado mnangoja maji yajae?" Nikakosa jibu. Mwisho wa Machi kaskazi ikachoka, kusi haijaamka, tukarudi. Mkondo unatusukuma, injini maili 7, GPS inasoma 9. Mzee alitabasamu mara moja tu safari nzima, ndiyo hiyo.

ZUHURA: Boti iko wapi sasa?

KOMBO: Kilifi, nanga mbili. Kuna kijana anaimwagia maji ya bahari ubavuni asubuhi na jioni, jua lisizifungue mbao.

ZUHURA: Na ile chupa ya Ungwana?

KOMBO: Iko dirishani kwangu. Juzi mama nusura aimimine kwenye jiko la mchina. Sasa nimeiandikia kwa kalamu nene: SI YA KUPIKIA.