Santuri Iliyonifungulia Jazi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mmetaka kujua jazi ilinipataje mimi, mpuliza saksafoni wa muziki wa dansi. Ilinipata kupitia santuri moja, na nitakaa hapo hapo.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa redio. Kwetu Magomeni RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa haizimwi, nami nilingoja gitaa la solo limalize, bendi ya dansi ya Nuta Jazz waingize matarumbeta na saksafoni. Nilipojiunga na bendi nikafanya vivyo hivyo: mwimbaji anamaliza mstari, sisi tunaitikia kwa kipande kile kile hadi watu watoke jasho. Kazi tamu, na mpaka leo naipenda.

Ndipo mkubwa wangu mmoja kazini akaniwekea santuri ya Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano wa jazi wa Marekani, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, wakati sisi bado tunangoja uhuru wetu. Mara nasikia ngoma, na juu yake sauti ya mwanamume anasema Kiswahili! Ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika mwenzetu, akisoma maneno ya mshairi Langston Hughes. Nywele zilinisimama.

Anayepiga tumba humo ni Candido, Mkuba. Na santuri za Kuba ndizo zilizowakolea wazee wetu, hata Salum Abdallah kule Morogoro akawa na bendi yake ya Cuban Marimba. Kwa hiyo mapigo niliyajua. Kigeni kwangu kilikuwa kile walichofanya wapulizaji juu yake. Saksafoni zinajibizana zenyewe kwa zenyewe, saksafoni nene ya baritoni ya Cecil Payne inanguruma chini, kisha mmoja anaachiwa uwanja aseme lake, na akirudi kwa wenzake wimbo umeshahama. Mpangaji wa hayo yote ni Melba Liston, mwanamke mpuliza tromboni. Hatajwi inavyostahili, nami humtaja kila nikishika kipaza sauti.

Makaburu wa Afrika Kusini waliielewa vizuri santuri hii: mwaka 1964 waliipiga marufuku.

Sasa naiweka tuisikilize yote. Besi ni mbili, Ron Carter na George Duvivier. Nyie wapiga besi mliojificha nyuma, njooni mbele karibu na spika.